John Akii-Bua: Mrukaji wa Viunzi Vinavyoonekana na Visivyoonekana

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Methali hii tumeikariri tangu shule ya msingi, tukaiandikia insha na kuitolea maelezo katika mitihani. Hata hivyo, ni nadra sisi kuuliza anayeinama ainame vipi, mara ngapi kwa siku, na akilini mwake awe anaona nini wakati mgongo unapoanza kumuuma. Makala haya yananuia kulishughulikia swali hilo kwa kusimulia maisha ya John Akii-Bua, mwana wa Lango nchini Uganda, aliyekuwa binadamu wa kwanza kukimbia mita 400 za kuruka viunzi kwa muda usiofika sekunde 48.

Yamkini msomaji atashangaa kwamba jarida la wanafunzi wa Kiswahili wanaoishi kando ya Ziwa Victoria, upande wa Kenya, limemchagua Mganda. Sababu zetu ni tatu. Ya kwanza ni ujirani. Reli ilipofika Kisumu mwaka 1901, mji huu ulihesabiwa kuwa sehemu ya Uganda, na haukuhamishiwa upande wa pili hadi mwaka 1902. Mpaka unaotutenga na nchi hiyo, kwa hivyo, ni mchanga kuliko mingi ya miembe tunayoketi chini yake. Sababu ya pili ni lugha. Kilango, lugha ya mama ya Akii-Bua, ni ndugu ya Dholuo. Anachokiita Mlango rwot, yaani mtawala, Mjaluo hukiita ruoth, na mwanafunzi wa isimu hahitaji ushahidi zaidi ya huo ili atambue kwamba hizi ni chipukizi za shina moja.

Sababu ya tatu ndiyo nzito zaidi. Sisi tunaoishi Kisumu hutazama mashariki na kuiona miinuko ya Nandi, tukajiambia kwamba mbio ni mali ya watu wa huko juu. Tumezoea kueleza ushindi wa wanariadha kwa hewa nyembamba ya milimani, kana kwamba kasi hurithiwa kama shamba. Kijana wa tambarare ya Kano au wa ufuo wa Dunga hujiona ametengwa na mbio hizo kabla hata hajafunga kamba za viatu. Akii-Bua hakuzaliwa katika miinuko hiyo. Alilelewa kwenye nyanda za Lango, akafanya mazoezi yake makuu Kampala, mji ulio karibu na ziwa lili hili na wenye kimo kinachokaribiana na cha Kisumu. Alichokuwa nacho hakikutokana na hewa. Kilitokana na mambo mawili ambayo kila msomaji wa jarida hili anaweza kuyapata, nayo ni mazoezi yenye nidhamu na uwezo wa kuiona akilini hali ambayo bado haijawahi kuwapo.

Malezi katika Boma Lenye Watoto Wengi

John Akii-Bua alizaliwa tarehe 3 Desemba 1949 huko Abako, katika eneo la Lango, kaskazini mwa Uganda. Baba yake alikuwa chifu mwenye wake wanane, na watoto wote wa boma hilo walikuwa 43. Mtoto katika boma la namna hiyo hapewi nafasi, huitafuta mwenyewe. Chakula ki tayari ila mikono ni mingi, na sifa ya mzee ipo ila wanaoitaka hawahesabiki. John alichunga ng'ombe kama wavulana wengine wa Lango, akizoea kutembea na kukimbia mwendo mrefu bila mtu kumwambia kwamba hayo ni mazoezi.

Riadha haikuwa jambo geni kabisa katika ukoo huo. Ndugu yake, Lawrence Ogwang, aliiwakilisha Uganda katika mashindano ya kuruka kwenye Michezo ya Olimpiki ya Melbourne mwaka 1956, mara ya kwanza kwa Uganda kushiriki michezo hiyo. Jambo hili si dogo. Mtoto aliyekwisha kusikia kwamba mmoja wa nyumbani amevuka bahari kwa ajili ya kuruka tu, huwa tayari amepewa picha ambayo wenzake hawana. Anajua kwamba njia ipo, hata kama haijui inakopitia.

Elimu ya John haikufika mbali. Alipokuwa kijana alijiunga na jeshi la polisi la Uganda, na huko ndiko maisha yake yalikopata umbo. Hapa msomaji wa Kiswahili ana la kulitazama kwa makini. Katika Uganda ya wakati huo, ambako lugha hii haikukubaliwa sana katika shule, Kiswahili kilikuwa lugha ya kazi katika polisi na jeshi. Vijana waliotoka Lango, Acholi, Buganda, Teso na Ankole waliamrishwa, wakapangwa na kukosolewa kwa Kiswahili. Lugha yetu, kwa hivyo, ilihusika na gwaride lililomfunza Akii-Bua kuamka kwa saa, kupanga hatua na kurudia jambo lile lile mpaka mwili ulitende bila kuulizwa.

Kutoka Gwaride hadi Viunzi

Katika polisi alikutana na Jorem Ochana, afisa ambaye mwenyewe alikuwa mrukaji wa viunzi mwenye jina barani Afrika. Ochana ndiye aliyemwingiza John katika fani hiyo, naye hakuwa mwalimu wa kubembeleza. Inasimuliwa kwamba aliweka ufito juu ya kiunzi ili kijana ajifunze kupita katikati, bila kuinuka sana hewani. Aliyeinuka kupita kiasi aligongwa kwenye paji la uso. Msomaji anaweza kuuona ukali katika jambo hilo, na ukali ulikuwapo. Lakini kulikuwa na hekima pia, kwani mrukaji wa viunzi hashindani kwa kuruka juu. Hushindana kwa kupoteza muda mchache kabisa hewani, na kila inchi ya bure anayopanda ni deni atakalolilipa kabla ya kamba.

Mwaka 1968 aliwasili Uganda Mwingereza kijana, Malcolm Arnold, aliyeajiriwa kuwa mkufunzi wa taifa wa riadha. Miaka mingi baadaye Arnold angekuja kujulikana duniani kwa kumfunza Colin Jackson, bingwa wa viunzi wa Wales. Wakati huo, hata hivyo, alikuwa mkufunzi asiye na jina katika nchi isiyo na uwanja hata mmoja wenye njia ya mpira kama ile iliyokuwa imeanza kutumika Ulaya na Marekani. John alikuwa akikimbia mita 110 za viunzi. Arnold alimtazama, akaona urefu wa miguu yake na ustahimilivu wake, akamshawishi ahamie mita 400.

Ni vyema tueleze mbio hizi ni za namna gani, kwa kuwa wengi hudhani ni mbio fupi zenye vikwazo tu. Mkimbiaji huzunguka uwanja mara moja huku akiruka viunzi kumi, kila kimoja kikiwa na kimo cha sentimita 91 hivi. Kutoka mwanzo hadi kiunzi cha kwanza ni mita 45. Kati ya kiunzi na kiunzi ni mita 35. Na kutoka cha mwisho hadi kwenye kamba ni mita 40. Siri ya mbio hizi imo katika zile mita 35. Anayetumia hatua 13 kati ya viunzi hutanguliza mguu ule ule kila mara arukapo. Mwili unapochoka hatua hufupika, naye hulazimika kutumia 14 au 15. Akitumia 14, mguu wa kutangulia hubadilika, na kwa wakimbiaji wengi mguu huo wa pili ni mgeni wa kazi. Hivyo basi wengi huruka kutoka 13 hadi 15 na kupoteza kasi. Akii-Bua aliizoeza miguu yote miwili sawasawa. Uchovu ulipomjia alihamia hatua 14 bila kuyumba, kama mtu anayehamisha mzigo kutoka bega moja hadi jingine.

Mwaka 1970 alikwenda Edinburgh, Uskoti, kushiriki Michezo ya Jumuiya ya Madola. Alimaliza wa nne. Mbele yake, pamoja na Mwingereza aliyeshinda, walikuwapo William Koskei, aliyezaliwa Kenya lakini akaikimbilia Uganda siku hiyo, na Charles Yego wa Kenya. Nafasi ya nne ni nafasi chungu katika riadha, kwa kuwa anayeipata huwa amewaona kwa karibu walioshinda, kisha hurudi nyumbani mikono mitupu. Wengi hukubali kwamba hapo ndipo kikomo chao kilipo. Akii-Bua alirudi Kampala na kuanza upya.

Mazoezi na Maana ya Kuzoea

Neno zoezi lina asili inayostahili kutafakariwa. Limetokana na kitenzi zoea, ambacho huzaa zoeza, yaani kufanya mtu au kitu kizoee. Zoezi basi si jambo la kuchosha tu. Ni jambo linalofanywa ili kilicho kigeni kiwe cha kawaida. Kwa kipimo hicho tunaweza kuyaelewa mazoezi ya Akii-Bua baada ya mwaka 1970, ambayo yasipoelezwa hivyo yataonekana kama mateso ya kujitakia.

Alivaa fulana iliyotiwa vipande vya risasi, yenye uzito wa zaidi ya kilo kumi, akapanda nayo vilima vya Kampala. Alikimbia masafa marefu kuliko yale ya shindano lake, na ndani ya masafa hayo akaruka viunzi. Tena viunzi vyenyewe aliviinua hadi kimo cha vile vya mita 110, yaani sentimita 107 hivi, ilhali katika shindano lake angekutana na vya sentimita 91. Aliyarudia haya siku baada ya siku, juma baada ya juma, kwenye nyasi na udongo, bila watazamaji na bila nishani mwisho wa siku.

Je, ni wapi tunapoiona nguvu ya kuwazia katika kazi kavu kama hiyo? Jibu ni kwamba imo katika kila kipande chake. Fulana ile nzito haikuwa na maana yoyote kwa siku ile aliyoivaa. Ilikuwa na maana kwa siku nyingine, ambayo haikuwa imefika, katika mji ambao hakuwa ameuona. Kiunzi kirefu hakikuwa kiunzi cha Kampala. Kilikuwa sura ya uchovu ambao ungemjia kwenye mita za mwisho huko Ujerumani, pale ambapo kiunzi cha kawaida humwonekea mtu kana kwamba kimeota. Akii-Bua na mkufunzi wake walikaa wakajiuliza jambo hili lingekuwa zito kiasi gani siku yenyewe, kisha wakalitengeneza likiwa zito zaidi, na yeye akalizoea. Hakuwazia ushindi peke yake, kama tufanyavyo wengi wetu kitandani kabla ya usingizi. Aliwazia ugumu, akaupa uzito wa kilo na kimo cha sentimita.

Hapo ndipo ilipo tofauti ya ndoto na taswira. Ndoto humpa mtu matokeo bila njia. Taswira yenye nidhamu humwonyesha njia pamoja na mawe yake. Vivyo hivyo mazoezi yasiyo na taswira huwa adhabu, na mtu huyaacha mara tu anayemsimamia anapogeuka. Mwanafunzi anayeandika sentensi ishirini za upatanisho wa kisarifi kwa sababu mwalimu amesema, anaandika sentensi ishirini. Yule anayeziandika akijiona mbele ya darasa lake la kwanza, mtoto mmoja akimuuliza swali gumu, anafanya kazi tofauti kabisa ingawa madaftari yao yanafanana.

Matunda yalianza kuonekana mapema. Mwaka 1971 Akii-Bua alikimbia muda bora kuliko wote duniani mwaka huo. Hata hivyo wataalamu wa Ulaya na Marekani hawakumpa uzito mkubwa. Alikuwa ameshindana mara chache mno dhidi ya wakubwa, naye alitoka katika nchi ambayo haikuwahi kupata nishani ya dhahabu ya Olimpiki katika mchezo wowote.

Munich, Septemba 1972

Fainali ilikimbiwa tarehe 2 Septemba 1972 katika jiji la Munich, Ujerumani Magharibi. Aliyetazamiwa na wengi ni David Hemery wa Uingereza, bingwa wa Michezo ya Mexico ya mwaka 1968, ambako aliweka rekodi ya dunia ya sekunde 48.12. Rekodi hiyo iliwekwa katika mji ulio zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa nyembamba huwapunguzia kizuizi wakimbiaji wa masafa mafupi. Munich haina kimo hicho. Aliyetaka kuivunja rekodi ya Hemery huko alipaswa kuivunja kwa miguu yake peke yake. Alikuwapo pia Mmarekani Ralph Mann, mkimbiaji mwenye sifa kubwa.

Kura ilimpa Akii-Bua kijia cha kwanza, kile cha ndani kabisa. Hakuna mrukaji wa viunzi, hasa aliye mrefu kama yeye, anayekitamani kijia hicho. Kona zake ni kali kuliko za vijia vingine, na mwili unaoegemea ndani ya kona hupata taabu kuruka kwa ulinganifu. Habari hizo zilimfadhaisha, na mkufunzi wake pia.

Lakini kijia cha kwanza kina jambo moja ambalo vingine havina. Kwa kuwa wakimbiaji hupangwa kwa kupishana ili masafa yalingane, aliye ndani huanza nyuma ya wote, nao wote huwa mbele ya macho yake. Mwenye moyo dhaifu huona migongo saba inayomkimbia. Aliyekwisha kuipanga mbio yake akilini, hatua kwa hatua, huona alama saba za kufuata. Hemery alianza kwa kasi kubwa. Akii-Bua alihesabu hatua zake 13, akaipita nusu ya mbio, akahamia 14 mguu usiojulikana ukawa umejulikana siku nyingi, na walipoingia kwenye njia nyoofu ya mwisho alikuwa akiwafikia. Kisha akawapita. Kwenye mita zile ambazo wengine waliviona viunzi vikiota, yeye aliviona vifupi kuliko vile vya Kampala, na mgongoni hakuwa na risasi.

Saa iliandika 47.82. Mann alipata fedha kwa 48.51, na Hemery akapata shaba kwa 48.52. Rekodi ya dunia ilikuwa imepunguzwa kwa sehemu 30 za mia za sekunde, na Uganda ilikuwa imepata nishani yake ya kwanza ya dhahabu katika Olimpiki. Nchi hiyo ingesubiri miaka 40 kuipata ya pili, pale Stephen Kiprotich aliposhinda marathoni ya London mwaka 2012.

Yaliyofuata ndiyo yaliyobaki katika kumbukumbu za watazamaji. Akii-Bua hakuanguka chini kwa uchovu kama ilivyo desturi ya mbio hizo. Aliendelea kuzunguka uwanja kwa furaha, na mahali ambapo hapakuwa na kiunzi aliruka kana kwamba kipo. Watu walicheka na kushangilia. Wengi walidhani ni mzaha wa mshindi. Sisi tuliofuatana naye tangu vilima vya Kampala tunaweza kuliona jambo jingine: mtu aliyeishi miaka miwili akiruka vitu ambavyo havijatokea, sasa aliviruka mbele ya dunia nzima. Siku tatu baadaye, tarehe 5 Septemba, wanamgambo waliwavamia wanamichezo wa Israeli katika kijiji hicho cha Olimpiki, na furaha ya Munich ikageuka msiba.

Mipaka Isiyovukwa kwa Mazoezi

Laiti simulizi yetu ingekoma hapo, ingekuwa hadithi ya watoto. Akii-Bua alirudi katika nchi iliyotawaliwa na Idi Amin, aliyekuwa amempindua Milton Obote mwezi Januari 1971. Obote alikuwa Mlango. Tangu mapinduzi hayo askari wengi wa Kilango na Kiacholi walikuwa wameuawa, na katika mwezi ule ule wa Agosti ambao John alikuwa akijiandaa kwa Munich, Amin alitangaza kuwafukuza Waasia. Rais huyo huyo ndiye aliyempokea bingwa kwa shangwe, akampandisha cheo katika polisi, akampa nyumba, na barabara mjini Kampala ikapewa jina lake. Ngao hiyo ilimlinda na wakati huo huo ikamfunga. Mlango aliyependwa na Amin hakuwa salama kwa Amin, na baadaye hangeaminiwa kwa urahisi na waliompinga Amin.

Aliendelea kukimbia. Mwaka 1973 alishinda dhahabu katika Michezo ya Afrika iliyofanyika Lagos. Shabaha yake ilikuwa Montreal, mwaka 1976, ambako angekutana na Mmarekani kijana, Edwin Moses. Mkutano huo haukutokea. Nchi nyingi za Afrika, zikiwamo Uganda na Kenya, ziliisusia michezo hiyo kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imezuru Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi. Sababu ya kususia ilikuwa ya haki. Hata hivyo walioilipa ni vijana waliokuwa wamebeba fulana zao nzito kwa miaka minne. Moses alishinda na kuivunja rekodi ya Akii-Bua, naye Akii-Bua hakuwapo uwanjani. Hapa Kenya pia kizazi kizima cha wakimbiaji kilipoteza nafasi hiyo, na mwaka 1980 kikaipoteza tena.

Mwaka 1979, majeshi ya Tanzania pamoja na Waganda waliokuwa uhamishoni yalipokaribia Kampala, Akii-Bua alikimbia kwa namna nyingine. Alivuka mpaka na kuingia Kenya, bingwa wa dunia akawa mkimbizi miongoni mwa wakimbizi, akawekwa kambini. Lugha yetu ina kejeli yake katika jambo hili, kwa maana mkimbiaji na mkimbizi ni watoto wa kitenzi kimoja. Jamaa zake walipatwa na msiba katika safari hiyo. Mkewe alijifungua kabla ya wakati na mtoto akafariki. Hatimaye kampuni ya viatu ya Puma ilimsaidia kwenda Ujerumani Magharibi, ile ile nchi iliyomwona akiruka viunzi visivyokuwapo. Aliiwakilisha tena Uganda katika Olimpiki ya Moscow mwaka 1980, akaishia nusu fainali. Alikuwa na umri wa miaka 30, na miaka yake bora ilikuwa imechukuliwa na mambo yasiyopimwa kwa saa.

Katika miaka ya themanini alirejea Uganda, akarudi polisi na kuwafunza vijana. Alifariki dunia tarehe 20 Juni 1997 akiwa na umri wa miaka 47 tu, akiwa mjane, na taifa likamzika kwa heshima za kiserikali. Uwanja wa michezo huko Lira, mji mkuu wa Lango, unaitwa kwa jina lake.

Hitimisho

Wapo watakaosema kwamba maisha haya yanathibitisha ubatili wa juhudi, kwa kuwa mtu aliyejinyima kiasi hicho alimalizia ujana wake kambini. Hatuafikiani nao. Maisha ya Akii-Bua yanatufundisha kutenganisha mipaka ya aina mbili. Ipo mipaka iliyo ndani ya mtu: mguu usiozoea, pumzi inayokatika, hofu ya kijia cha kwanza, na imani kwamba kasi ni ya watu wa milimani. Hii huvukwa kwa mazoezi yanayoongozwa na taswira, na Akii-Bua aliivuka yote. Ipo pia mipaka inayowekwa na watawala, vita na mikataba. Hiyo haivukwi na mtu mmoja kwa kupanda vilima, na ni dhuluma kumwambia kijana aliyezuiwa nayo kwamba hakujitahidi vya kutosha. Anayewafunza wengine nidhamu ana wajibu wa kuwaambia ukweli huo pia.

Kwetu sisi wa Kisumu na ufuo wake, somo lililo karibu zaidi ni la mipaka ya ndani. Tarehe 1 Juni 2021 sherehe za Madaraka zilifanyika katika uwanja mpya wa Mamboleo, chini ya miinuko ambayo kila siku tunaitazama na kuipa sifa zote. Kilichokosekana kwetu kwa muda mrefu si hewa. Akii-Bua hakuwa na uwanja kama huo. Alikuwa na vilima visivyozidi vya Riat kwa ukali, fulana nzito, mkufunzi mwaminifu, na picha ya kiunzi kilicho kirefu kuliko kile ambacho angekutana nacho. Mwanafunzi wa lugha naye ana viunzi vyake, viwe vya ushairi, vya isimu au vya tasnifu inayosubiri kuanzwa. Na avipandishe kidogo zaidi ya kimo chake cha kweli, aviruke kila asubuhi pasipo mtu kumtazama, ili siku ya siku ikifika avikute vimekuwa vifupi.